Uzi: Sakafu gani kwa nyumba ya vyumba vitatu inayokarabatiwa iuzwe (Tabata, Dar)

#1 KarabatiUza

Heshima kwenu wakuu. Nyumba iko Tabata, ya miaka ya 90, inakarabatiwa kisha inaingia sokoni. Paa, umeme na mabomba vina bajeti yake. Sakafu ndiyo inayopasua kichwa. Hali ilivyo:

Sebule na sehemu ya kulia, mita za mraba 38, niru nyekundu (sakafu ya saruji iliyosuguliwa) yenye nyufa nyembamba, na kona moja inalia tupu ukigonga. Vyumba vitatu, jumla 37, niru hiyo hiyo; kimoja ukuta wake wa nje unatoa chumvi na rangi inapukutika hadi usawa wa goti. Korido 9. Jiko 10, lina vigae vya 30x30 vilivyoshika isipokuwa vitano sita. Mabafu mawili, jumla 7. Baraza 12.

Ninazopima: vigae vya 60x60 ndani kote, vinaili ya SPC (mbao za plastiki na unga wa mawe) vyumbani, lamineti, au kuipiga niru upya. Mnunuzi ninayemlenga ni familia inayohamia. Naomba vipimo na idadi, maana "inategemea" nimeshaisoma sana.

#2 Dalali_Mkongwe

Vigae, mkuu. Mnunuzi wa Dar akiona niru anahesabu kwamba nyumba haijaisha, na anakata kwenye bei zaidi ya gharama halisi ya kuweka vigae. Tena kigae kimoja kutoka mlango wa mbele hadi vyumbani. Nyumba ndogo yenye aina nne za sakafu inaonekana ndogo zaidi, na mteja anauliza kwa nini kila chumba kimefanywa kivyake.

#3 Fundi Mwiko

Dalali yuko sawa, ila kabla hujaenda Kariakoo kuchagua rangi kuna mambo matatu ya kupima. Yote hayana gharama.

Kwanza unyevu. Kata vipande vya nailoni vya sentimita 50 kwa 50, bandika kingo zote kwa gundi ya utepe, kimoja kila chumba, viwili kwenye chumba chenye ukuta wa chumvi. Acha saa 24. Ukikuta matone upande wa chini au sakafu imekuwa nyeusi, maji yanatoka ardhini. Nyumba nyingi za wakati huo jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa bila nailoni chini.

Pili nyufa. Ufa mwembamba ambao pande zake mbili ziko kimo kimoja ni wa kukauka kwa saruji, unajazwa na maisha yanaendelea. Ufa ambao upande mmoja umeinuka, au unaingiza sarafu, maana yake jamvi linatembea. Bandika donge la jasi juu yake, andika tarehe, subiri wiki chache. Jasi likipasuka, usiweke kigae hapo. Kitapasuka kwenye mstari ule ule na mnunuzi atauona.

Tatu, hiyo kona inayolia tupu. Gonga kwa mpini wa nyundo uchore mpaka wake kwa chaki. Kama ni niru tu iliyoachana na zege, bandua niru hadi zege gumu kisha ujaze. Kama zege lenyewe linalia, kifusi chini kimeshuka. Hapo unakata kwa grenda kwa mraba, unatoa, unashindilia kifusi kwa tabaka za sentimita 15 ukinyunyiza maji, unatandika nailoni ya geji 1000 ikipanda kingoni, unaweka wavu wa chuma wa BRC, unamwaga zege la sentimita 10. Usifanye ujanja wa kumimina uji wa saruji kwenye tundu. Hauendi popote.

#4 KarabatiUza

Asante fundi. Na ule ukuta wa chumvi, nikipiga dawa ya ukutani kabla ya rangi si inatosha?

#5 Fundi Mwiko

Haitoshi. Toka nje uangalie. Mara nyingi udongo au sakafu ya nje imepanda hadi usawa wa sakafu ya ndani, au juu yake, kwa sababu watu wamejaza kifusi kila mvua. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15. Chimba, shusha, toa njia ya maji. Plasta ya ndani ing'olewe hadi sentimita 30 au zaidi juu ya mstari wa chumvi, ukuta ukauke, ndipo upige plasta mpya. Ukiweka kigae na skatingi (vipande vya kigae chini ya ukuta) juu ya chumvi hiyo, itatokea kwenye grauti, yaani saruji ya mianya ya vigae: mistari myeupe kila unapodeki, na haifutiki.

#6 Mkadiriaji wa Majenzi

Nakupa idadi kwa namba zako. Ndani bila mabafu na baraza: 38 + 37 + 9 + 10 = 94. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: 103.4. Boksi la 60x60 lina vigae 4, yaani mita za mraba 1.44, hivyo boksi 72. Ukilaza kwa mshazari weka asilimia 15, lakini kwa nyumba ya kuuza usilaze mshazari. Unalipia vipande vya kutupa.

Skatingi: kuta zako ukitoa milango zitakuwa kama mita 100. Kigae kimoja cha 60x60 kinatoa vipande 6 vya karibu sentimita 10, kila kimoja urefu wa 60. Mita 100 ni vipande 167, yaani vigae 28, boksi 7. Jumla 79. Nunua 81, na mawili yabaki stoo na nyumba.

Zote zitoke siku moja na loti moja. Kwenye ubavu wa boksi kuna namba ya loti, ya rangi na ya kipimo. Kigae kile kile cha loti tofauti kinaweza kupishana rangi, au kuzidi milimita moja, na milimita moja kwenye mstari wa vigae 12 ni zaidi ya sentimita. Usikubali kauli ya "vilivyopungua utafuata kesho".

#7 NiruHaifi

Naona niru imehukumiwa bila kusikilizwa. Niru iliyopigwa vizuri haina maungio, haiingizi mchwa, na mtu wa kawaida anaimudu. Ikiwa jamvi ni zima, unachonga ya juu na kupiga sakafu mpya ya milimita 40, mchanganyiko 1:3, kisha saruji kavu iliyochanganywa na rangi inanyunyizwa ikiwa bado mbichi na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma. Rangi isizidi asilimia 10 ya uzito wa saruji, 5 inatosha. Ikizidi, uso unakuwa dhaifu na unaacha wekundu miguuni. Imwagilie maji siku saba. Vyumba vikubwa vikatwe mistari kila mita tatu hivi, la sivyo itajichagulia pa kupasukia.

Ila kwa kuuza Tabata, nakubaliana na Dalali. Niru ya kisasa ya kijivu inauzika kwa watu wachache wenye macho hayo, na wengi wao hawatafuti nyumba huko.

Na kwa wenye nyumba za zamani za Upanga au mitaa ya mjini Mombasa: kabla ya kufunika kwa vigae, angalieni kama chini kuna terazo. Terazo inasuguliwa kwa mashine na mawe ya kuanzia namba 60, 120, 220 kupanda, mashimo yanajazwa kwa saruji ya rangi yake katikati ya hatua, na inarudi mpya. Kuifunika kwa kigae cha bei ya chini ni kutupa pesa mara mbili.

#8 Mtaalamu wa Mbao na Vinaili

Kuhusu SPC na lamineti. Lamineti ondoa kabisa. Kiini chake ni unga wa mbao uliogandamizwa. Dar watu wanadeki kwa ndoo na tambara lililolowa, kingo zinavimba na haziteremki tena. Mchwa nao wanaikaribisha.

SPC yenyewe haivimbi kwa maji, lakini ina masharti. Sakafu isipishane zaidi ya milimita 3 ndani ya mita 2. Weka rula ya alumini ya mita 2 uone mwanga chini yake. Ikizidi, maungio yanachezacheza, ulimi wa plastiki unakatika, ubao unaachana. Acha milimita 8 hadi 10 ukutani pande zote. Dirisha la magharibi lisilo na pazia linaichemsha, na ikikosa nafasi ya kutanuka inanyanyuka katikati ya chumba. Tabaka la juu la 0.5 milimita linavumilia viatu na mchanga, la 0.3 ni la chumba cha kulala tu. Na kwenye chumba chenye unyevu toka chini usiiweke: yenyewe haitaharibika, ila chini yake patakuwa na ukungu na harufu.

#9 Dalali_Mkongwe

Na mteja akiigonga inasikika tupu. Anauliza "hii ni plastiki?" Basi, bei imeshashuka.

#10 KarabatiUza

Nimeelewa, vigae. Sasa: fundi wa mtaani anasema mchanga na saruji, gundi ni kupoteza hela. Na jikoni nilaze juu ya vilivyopo au nivunje?

#11 Mkadiriaji wa Majenzi

Hesabu ya vifaa kwanza. Udongo wa saruji na mchanga 1:4, unene wa sentimita 3: mfuko wa kilo 50 unafika kama mita 4.5. Kwa 94 ni mifuko 21, na mchanga karibu kyubiki mita 3. Gundi: kwa mwiko wa meno wa milimita 10, mfuko wa kilo 20 unatoka mita 3 hadi 4. Kwa 94 ni kama mifuko 27. Grauti ya 60x60 kwa mwanya wa milimita 2 ni kidogo mno: kilo 10 hadi 12 nyumba nzima.

Gundi itaonekana ghali kwenye karatasi. Ongeza upande wa pili gharama ya kukata milango yote, kuinua ngazi ya barazani, na muda wa fundi kutengeneza udongo.

#12 Fundi Mwiko

Sababu ya gundi ni poseleni yenyewe, yaani kigae kigumu kilichobana. Poseleni hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kigae cha seramiki cha kawaida kinanyonya uji wa saruji na kushikana nao; poseleni hainyonyi, hivyo saruji tupu inakauka chini yake bila kuishika. Ndiyo maana unakuta kigae kinanyanyuka kizima, mgongo msafi. Kukiloweka kwenye maji usiku kucha hakusaidii kitu kwa poseleni. Chagua gundi iliyoandikwa C2 kwenye mfuko, daraja la kushika zaidi. C1 ni ya seramiki na maeneo mepesi.

Niru yako nayo ina tatizo lake: imesuguliwa kwa chuma na imepakwa polishi ya nta kwa miaka. Mwaga matone ya maji. Yakikaa juu yamejiviringa, hakuna gundi itakayoshika. Pitisha grenda yenye kikombe cha almasi hadi maji yaanze kunyonywa, futa vumbi, paka praima.

Kulaza: futa unga mweupe mgongoni mwa kigae kwa brashi. Tandaza gundi kwa upande mnyoofu wa mwiko, kisha chora mistari kwa meno, mistari yote upande mmoja, si miduara. Paka nyembamba mgongoni pia. Weka, sukuma ukikatiza mistari ili hewa itoke. Kila baada ya vigae kadhaa nyanyua kimoja uangalie: ndani gundi iwe imeshika angalau asilimia 80 ya mgongo, bafuni na nje 95. Anayeweka madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati, mfukuze. Pembe zikikanyagwa kwa kisigino zinavunjika.

Joto la Dar na feni vinakausha uso wa gundi upesi. Gusa kwa kidole: isiposhika kidole, kwangua na utupe. Usiongeze maji kwenye ndoo iliyoanza kukaza.

#13 Kisauni Tiles

Niongeze kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawafanyi, hata huku Mombasa: nafasi ya ukutani. Acha milimita 6 hadi 8 kati ya kigae na ukuta pande zote, na usiijaze simiti. Skatingi itaifunika. Vigae vikipata joto hutanuka; vikibanwa na kuta nne, siku moja katikati ya sebule mstari mzima unainuka kwa mlio. Watu husema ni jini. Ukumbi unaozidi mita 8 hadi 10 bila kukatika utiwe ungio la silikoni katikati, panapofaa ni chini ya mlango.

Na mchanga wa pwani wenye chumvi usiingie ndani ya nyumba hata kwa kujazia.

#14 Fundi Mwiko

Sahihi kabisa. Sasa jiko. Usiamue kwa macho. Chukua mpira wa maji wa kupimia usawa, piga mstari ukutani kwenye kimo cha mita moja kuzunguka nyumba nzima, kisha pima kutoka mstari hadi sakafu kila mlangoni na kila kona. Kigae cha milimita 9 na gundi 4 kinaongeza milimita 13. Vigae vya jikoni vya zamani vilikaa juu ya udongo, hivyo yawezekana jiko liko juu ya korido kwa sentimita 2 au 3 tayari. Ukilaza juu yake unapata kizingiti cha kujikwaa katikati ya nyumba.

Tofauti ikiwa chini ya milimita 5, toa vile vinavyolia, jaza, osha mafuta kwa magadi, kwangua mng'aro kwa grenda, laza kwa C2. Ikizidi hapo, vunja vyote. Mita 10 ni kazi ya siku moja.

Milango: kwa gundi unakata milimita 15 tu chini ya mbao, na grili za mbele zikaguliwe kama zitafunguka. Kwa udongo wa sentimita 4 mlango wa 210 unabaki na tundu la 206. Usisahau makabati ya jikoni. Sakafu ikipanda, kaunta ya sentimita 87 inakuwa ya 83, na mpishi anainama.

#15 Bi Zege

Mabafu mnayapita haraka wakati ndiyo yanayoua mauzo. Kigae kinachong'aa cha 60x60 kisiingie bafuni. Kinateleza, na kikubwa hakifuati mteremko bila kukatwa vipande. Tumia 30x30 cha uso usiong'aa, R10 au R11 (daraja la kutoteleza). Mita 7 na ziada ni vigae kama 86.

Vunja hadi zege. Sakafu ya bafu iwe chini ya korido kwa sentimita 2. Mteremko sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na mteremko huo ufanywe kwenye sakafu ya saruji, usiachiwe gundi. Kisha dawa ya kuzuia maji ya saruji, mikono miwili inayokatizana, ipande ukutani sentimita 20, na kwenye kona ya kuogea hadi mita 1.8. Kwenye pembe na kuzunguka bomba bandika kitambaa cha nyavu kati ya mikono hiyo. Ikikauka ziba tundu, jaza maji sentimita 2, acha saa 24, angalia upande wa pili wa ukuta. Hapo ndipo vigae vianze. Pembe za sakafu na ukuta zimaliziwe kwa silikoni. Grauti hapo hupasuka.

Baraza: R11, 40x40, vipande 83 au boksi 7 ikiwa boksi lina 12. Mteremko sentimita 1 kwa mita kuelekea nje, na baraza ishuke sentimita 2 au 3 kutoka ndani, la sivyo mvua ya masika italala sebuleni.

#16 KarabatiUza

Rangi sasa. Mke wangu anataka nyeupe inayong'aa, mimi kahawia ya mistari ya mbao.

#17 Dalali_Mkongwe

Nyinyi hamhamii. Chukua kijivu hafifu au rangi ya mchanga, mawimbi madogo, uso nusu mng'aro. Nyeupe tupu inaonyesha kila unyayo siku ya kuonyesha nyumba, na nyeusi inaonyesha vumbi. Mistari ya mbao inagawa watu. Grauti iwe kivuli kimoja giza kuliko kigae. Grauti nyeupe korido inachafuka kabla hujapata mteja.

Vigae vya viwanda vya Mkuranga na Chalinze vinatosha kwa nyumba ya daraja hili, na ukikosa boksi moja mwezi ujao una pa kuulizia. Usiingie kwenye 60x120. Hupinda katikati, zinataka fundi mwenye klipu za kusawazisha, na zikipangwa kwa kupishana zisipishane zaidi ya theluthi moja.

#18 Mkadiriaji wa Majenzi

Mnunuzi makini atakuja na fundi mwenye sarafu au fimbo. Ataburuza sakafu nzima akisikiliza, atamwaga ndoo bafuni aone maji yanaelekea wapi, atatazama nyuma ya milango. Ufanye ukaguzi huo mwenyewe kabla ya kumlipa fundi awamu ya mwisho. Kinachosikika kama ngoma kibandikie utepe, king'olewe kabla grauti haijaingia.

Dai risiti za EFD (za mashine ya kodi) kwa kila boksi na kila mfuko. Mkazi anayeuza nyumba hulipa asilimia 10 ya faida, na gharama za ukarabati hupunguza faida hiyo zikiwa na ushahidi. Daftari la fundi si ushahidi.

#19 KarabatiUza

Mpangilio wa kazi je? Fundi rangi anataka aanze wiki ijayo.

#20 Fundi Mwiko

Mwambie apige mikono ya kwanza tu, asimalize. Mpangilio: ukuta wa chumvi na udongo wa nje, kona ya kifusi, mabomba ya bafuni, mabafu hadi jaribio la maji, dari na rangi ya mkono wa kwanza, kukwangua niru, vigae kuanzia chumba cha mbali mkitoka nje, saa 24 bila kukanyagwa, grauti, skatingi, milango kukatwa, rangi ya mwisho.

Zege jipya la ile kona lipewe siku 28 kabla ya kigae, kwa hiyo anza nalo kesho. Grauti ifutwe kwa sponji yenye unyevu kidogo kabla utando wake haujakauka. Asiilete asidi baadaye, inakula grauti yenyewe. Kisha tandika maboksi ya karatasi sakafu nzima, usitumie nailoni kwa kuwa grauti inahitaji kupumua, na fundi wa makabati asiburuze kitu.

#21 KarabatiUza

Nailoni sita zimebandikwa leo jioni. Kesho nitaweka picha.